Springi ya Kushoto

Kabla sijalishusha, gari la Mwalimu lilikuwa likiitwa Panzi. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, aina ya saluni, la miaka ya sitini, rangi ya maziwa, lililoachwa na meneja mzungu wa shamba la chai aliporudi kwao. Nyuma lilikuwa limeinuka mno, hata likisimama nje ya kanisa ungedhani linajiandaa kuruka mtaro. Watu wa Litein walikuwa wamelizoea. Mimi niliporudi kutoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya tisini, na diploma yangu ya ufundi wa magari, nililiona siku ya kwanza sokoni nikacheka mpaka mama mmoja muuza ndizi akaniuliza kama ndege ilikuwa imenitikisa kichwa.

Niseme mimi ni nani, maana watu husahau upesi. Wengi wa rika langu waliokwenda ng'ambo walichangiwa. Ilifanywa harambee, jogoo wakanadiwa, mchungaji akaomba hadi jasho likamtoka, na baadhi yao walirudi na koti tu. Mimi sikuchangiwa na mtu. Nilichuna chai ya watu kule Roret, nikapasua mawe ya ujenzi, nikajilipia nauli. Huko nilikokwenda niliosha sufuria za hoteli, na asubuhi nikaketi darasani na vijana wadogo walioniita babu. Nilirudi na karatasi yenye muhuri. Niliipeleka Kericho ikatiwa kioo na fremu, nikaitundika ukutani mwa gereji yangu juu ya meza ya spana. Kutoka Sotik hadi Kapsoit hapakuwa na mwingine mwenye karatasi kama ile. Kama alikuwepo, hajajitokeza hadi leo.

Gereji yangu ilikuwa na sakafu ya saruji, jambo ambalo fundi mwingine yeyote pale hakuwa nalo, na presi ya haidroliki niliyoisafirisha kwa meli ndani ya sanduku la mbao. Lakini mahali penyewe palikuwa pabaya. Nilikuwa nyuma ya soko, kwenye mteremko, na mvua yetu ya saa tisa ilipoanguka maji yote ya mji yalipita mlangoni pangu yakiwa na maganda ya ndizi. Kiwanja kizuri kilikuwa mbele, ukingoni mwa lami itokayo Kericho kwenda Sotik. Kwenye kiwanja hicho palikuwa na banda la mabati la Jaduong.

Jaduong lilikuwa jina tulilompa sote, wenyeji na wageni, kwa sababu ndivyo watu wa kwao, upande wa ziwa, wanavyomwita mzee wanayemheshimu. Alikuja kwetu akiwa kijana, akafanya kazi kwenye karakana ya shamba la chai mpaka akastaafu, kisha akafungua kazi yake ndogo ya kutengeneza springi, yale mabamba ya chuma yaliyopindwa na kupangwa pamoja yanayobeba gari juu ya ekseli. Alikuwa na tanuri la makaa, mvukuto wa ngozi, na kipande cha reli alichokitumia kama fuawe. Kila pikapu na kila lori lililobeba majani kutoka vituo vya kununulia chai lilipita mikononi mwake. Kwao hakuwa na pa kurudi. Watoto wa kaka zake walikuwa wamepanda miwa mpaka mahali ambapo nyumba yake ilipaswa kusimama. Mkewe aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, na wawili hao waliishi chumba cha nyuma cha banda lile. Kiwanja kilikuwa cha Mwalimu, ambaye alimwachia mzee akae kwa neno la mdomo tu, kwa heshima ya kazi yake. Akiondolewa hapo, alikuwa hana kitu. Hilo kila mtu alilijua. Mimi nililijua kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeishi ndani ya banda hilo.

Miaka miwili kabla ya kwenda Uingereza nilikuwa mwanafunzi wake. Nilivuta mvukuto, nikafua mabamba ya springi, nikala omena ya mkewe kila siku ya Mungu. Siku moja nilipasha bamba moto mpaka likawa jekundu, na badala ya kulizamisha kwenye mafuta machafu ya injini, kama alivyonifundisha, nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nilikuwa na haraka. Bamba lile lilifungwa kwenye lori, na wiki hiyo hiyo likakatika kama biskuti mbele ya kituo cha kununulia chai, lori likiwa limejaa majani, foleni ya wachumaji ikiwa imesimama na vikapu mgongoni. Jaduong alifika, akaokota kipande, akaangalia pale kilipovunjika. Hakunipiga. Aliunyanyua mkono wangu wa kulia juu ili watu wote wauone.

"Huu mkono ni wa kuchuna chai," alisema. "Mungu aliufanyia hiyo. Chuma hapana."

Watu walicheka. Wengine walikuwa jamaa zangu. Kwa miezi mingi baadaye, wanawake waliponiona na kikapu walikuwa wakiniuliza mkono unaendeleaje. Sentensi ile niliibeba mpaka Ulaya. Nilipokuwa nikikwangua sufuria niliisikia. Mwalimu wa kule aliponipa karatasi yangu na kuushika mkono ule ule, niliisikia pia.

Basi nilikuwa nimerudi, na nilikuwa na sakafu ya saruji, na nilitaka kiwanja.

Mwalimu mwenyewe alikuja kwangu. Alikuwa mkuu wa shule mstaafu na mzee wa kanisa, mnene, mwenye kutembea na kalamu mbili mfukoni kama bado kuna madaftari ya kusahihishwa. Binti yake kitinda mimba alikuwa akiolewa Bomet, kwenye familia ya watu wakubwa, na alitaka kumpeleka kanisani kwa gari lile. Alitoa mfukoni picha ya zamani. Meneja mzungu ameegemea bodi, soksi ndefu, bomba mdomoni, na gari limelala chini vizuri, tairi za nyuma zimeingia kidogo ndani ya bodi.

"Nalitaka hivi," akasema. "Hata chini zaidi kidogo, kama unaweza. Lami sasa iko mpaka Bomet."

Nilimwambia naweza nikiwa nimefumba macho. Kisha nikamwuliza, ingawa nilijua, ni nani aliyeliinua namna ile. Akaeleza kwamba yeye ndiye aliyeomba, wakati barabara ilikuwa matope, na Jaduong akamwongezea kila upande mabamba mawili yaliyotoka kwenye pikapu ya chai.

"Mwalimu, huyo alimvalisha bibi harusi gambuti," nikamwambia.

Alicheka mpaka tumbo likatikisika, nami nikaona mlango umefunguka. Nilimweleza kwamba mji unakua, kwamba mbele ya barabara panahitaji gereji ya kisasa, na kwamba ni aibu mgeni anayepita kwenda Bomet kuona tanuri la makaa na mzee aliyejaa masizi. Nilimwomba kiwanja waziwazi. Alifikiri, akasugua kidevu. Akasema Jaduong naye alikuwa amesikia habari za gari na alikuwa amemjia asubuhi kumwambia kwamba aliyeliinua ndiye atakayelishusha. Mwalimu hakupenda kumwonea mtu. Maisha yake yote alikuwa ameamua mambo kwa mtihani. Hata firigisi ya kuku nyumbani kwake wajukuu waliipata kwa kushindania hesabu.

Akaamua hivi. Gari lina springi mbili nyuma, moja kila upande. Jaduong atengeneze moja, mimi nyingine. Zifungwe siku moja, kwenye sakafu yangu, na yeye apime kwa rula yake ya ubaoni kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi. Kipimo kilitoka kwenye picha na kwenye kitabu cha gari alichokuwa nacho bado, nacho tukakiandika kwa chaki ukutani. Atakayefikia kipimo ndiye mwenye kiwanja.

Jaduong alipewa nafasi ya kuchagua upande kwa sababu ya umri. Alichagua kushoto. Kushoto ndio upande wa mtaro, upande ambao barabara zetu zimeinamia, na springi ya huko ndiyo hubeba zaidi. Nilidhani amechagua ovyo. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amechukua upande mgumu, na sikupenda kulielewa hilo.

Tulilipandisha gari kwenye jeki, nikaweka vigingi vya bomba nene chini ya bodi, tukatoa magurudumu. Chini kulikuwa na matope ya miaka ishirini, makavu kama matofali. Boliti za kuzungukia ekseli zilikuwa zimeshikana na kutu hadi nikazikata. Bushi za mpira kwenye ncha za springi zilitoka vipande vipande, na shokapu hazikuwa na tone la mafuta. Kazi hizo za kawaida nilizifanya mimi pande zote mbili: bushi mpya, boliti mpya, shokapu nikazifungua, nikabadilisha sili, nikazijaza. Springi tu ndizo tuligawana. Yake aliibeba begani mpaka bandani kwake, akikataa kusaidiwa.

Yangu niliifungua mezani. Yale mabamba mawili ya pikapu niliyatupa nje mahali kila mtu angeyaona. Yaliyobaki niliyasugua kwa brashi ya waya, nikayaosha kwa mafuta ya taa, nikayachunguza kama yana ufa. Kisha nikayapunguza upinde moja baada ya jingine kwenye presi, kidogo kidogo, nikilinganisha na mchoro niliouchora kwa chaki sakafuni. Nilipaka grisi, nikayafunga pamoja. Halafu nilifanya jambo ambalo ndilo kiini cha habari hii yote. Niliirudisha springi nzima kwenye presi nikaikandamiza mpaka ikanyooka kabisa, nikaiachia, nikaikandamiza tena. Mara kumi. Chuma kilichopindwa upya hudanganya. Ukikifunga hivyo hivyo kitasimama juu siku ya kwanza, kisha kikibeba mzigo siku kadhaa kitashuka na kutulia mahali pake. Ukikikandamiza kwanza, kinatulia kabla hujakifunga. Nilifundishwa hilo darasani, na nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani wa mwisho nikapata alama zote.

Jaduong hakuwa na presi. Nilisikia nyundo yake siku tatu. Alikuwa akigonga baridi, bila moto, nyundo ndogo ya kichwa mviringo, tak, tak, tak, bila haraka. Watu waliokwenda kumtazama waliniletea habari kwamba anapima kwa kamba yenye mafundo. Nilisema kwa sauti kwamba hata kushona gunia hupimwa hivyo. Walirudi kumwambia, kwa sababu mji wetu ndivyo ulivyo, na nyundo haikupunguza mwendo.

Jumamosi ya mtihani soko lilihamia kwangu. Tulifunga springi zote mbili, tukarudisha magurudumu, tukaliteremsha gari kwenye saruji. Mwalimu alipiga magoti kwa shida, akaweka rula upande wangu. Akasoma, akatazama ukuta, akasoma tena. Kipimo kilikuwa kile kile, bila kuzidi wala kupungua. Akazunguka upande wa kushoto. Huko gari lilikuwa limesimama juu zaidi kwa upana wa vidole viwili. Hata asiye na rula aliona. Gari lilikuwa limeinama kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja.

Mkewe Jaduong alikuwa amekuja, karai la omena kichwani. Alilishusha chini.

Jaduong hakushtuka. Alisema kwamba ameacha vidole viwili kwa makusudi, kwamba ni vya barabara. Springi ikishabeba watu, itakaa. Aliomba gari lipakiwe magunia ya majani, liende Roret na kurudi siku chache, kisha lipimwe. Alisema hivyo ndivyo alivyofanya kwa magari yote ya chai na hakuna lililorudi. Alizungumza polepole, kwa ule uaminifu wa mtu anayedhani jambo la kweli likisemwa litasikika.

Mwalimu alikuwa mtu wa haki. Hakumkata kauli. Alinigeukia mimi.

"Wewe ndiye umesoma," akasema. "Hiyo kitu anasema iko?"

Nitaeleza nilichokiona wakati ule, kwa sababu nimekuwa na muda mrefu wa kukitazama. Niliona kwamba mzee yuko sahihi. Niliona hata kwamba alikuwa amekisia vizuri kuliko ambavyo mimi ningekisia bila presi. Na niliuona mkono wangu umeshikwa juu mbele ya vikapu. Watu wale wale walikuwa wamesimama pale, wengine na vikapu vile vile.

"Springi iliyotengenezwa sawasawa haingoji," nikajibu. Kisha, kwa sababu niliona haijatosha, nikaongeza: "Mwalimu, mtoto akikwambia jibu lake litakuwa sahihi mwezi ujao, unampa alama?"

Watu walianguka kwa kicheko. Kicheko kikubwa zaidi kilikuwa cha Mwalimu mwenyewe, na alipomaliza kucheka mambo yalikuwa yamekwisha. Jaduong alinitazama. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka uso aliouona mahali fulani.

"Nyathina," akaniita, neno la kwao la kumwita mtoto wako, alilokuwa akiniita nilipokuwa kwake. "Unajua hii kitu. Nilikufundisha mimi."

"Wewe ulinifundisha kuchuna chai, Jaduong," nikamwambia.

Kicheko kilirudi tena, cha wale waliokumbuka. Mkewe aliinua karai lake. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya samaki, na akasema kwa sauti ya chini, ya kwangu peke yangu, "Umekula kwangu." Halafu akaondoka, mumewe nyuma yake.

Mwalimu aliwapa mwisho wa mwezi. Walihama kabla, siku ya mvua, kwa mkokoteni na safari mbili. Mvukuto uliwekwa juu, umefunikwa na nailoni. Reli iliwashinda uzito, ikabaki. Nilisimama gerejini kwangu, nikifuta kwa kitambaa mikono ambayo haikuwa na mafuta, nikawaangalia mpaka wakashika njia ya Sondu, kuelekea upande wa ziwa.

Harusi ilikuwa wiki iliyofuata na gari lilikuwa bado limepinda. Nilimwambia Mwalimu aniachie, nitairekebisha kazi ya mzee. Nilifunga mlango. Niliitoa springi ya kushoto nikaiweka mezani, na kwa mara ya kwanza nikaiangalia. Mabamba yalikuwa yamegongwa kwa mistari, alama za nyundo zimepangana kama punje kwenye gunzi, hakuna iliyopanda juu ya nyingine. Kati ya bamba na bamba alikuwa ametia grisi nyembamba na kufuta iliyozidi. Ncha alikuwa amezizungusha kwa tupa ili zisikwaruze. Sikuongeza kitu na sikutoa kitu. Niliiweka kwenye presi, nikaikandamiza mara kumi kama nilivyofanya yangu, nikaifunga, nikateremsha gari.

Nilipima. Nikapima tena nikiwa nimelala sakafuni. Vidole viwili vilikuwa vimekwisha. Kipimo kilikuwa sawa na kile cha ukutani, na mzee alikifikia kwa kamba yenye mafundo.

Kesho yake Mwalimu alikuja, akazunguka gari, akainama kutazama kushoto, akanipa mkono wa pongezi. Aliuliza kama ilikuwa kazi kubwa. Nikamwambia ilinibidi nianze upya kabisa.

Harusi ilifana. Gari lilikwenda Bomet limelala chini na kung'aa, riboni mbele, bibi harusi na mashangazi watatu nyuma, na bodi haikugusa tairi hata mara moja. Watu wa Bomet walilizunguka kama ng'ombe wa maonyesho. Niliketi meza ya wageni wa heshima, nikanywa mursik, maziwa yetu ya mgando, na Mwalimu akanisimamisha mbele ya wakwe akaeleza habari ya mtihani, na vidole viwili, na mtoto anayeomba alama za mwezi ujao. Aliisimulia vizuri kuliko mimi. Kazi nilizozipata kutokana na siku ile zilijaza mwaka. Wiki chache baada ya harusi banda lilikuwa limebomolewa, na nilikuwa nimemwaga saruji mpaka ukingoni mwa lami.

Jaduong alirudi mara moja, miezi michache baadaye, kuchukua reli yake. Alikuja na mtu mwenye pikapu aliyemfahamu tangu zamani. Nilikuwa nimeifunga reli kwenye kigogo, naitumia, na nilimwambia hivyo. Hakubishana. Macho yake yalikuwa kwenye gari la Mwalimu, ambalo lilikuwa limeletwa kubadilishwa mafuta. Alikwenda upande wa kushoto akachuchumaa. Akaweka vidole viwili kati ya tairi na bodi. Akazunguka kulia, akaweka vidole vile vile. Alirudia mara mbili. Halafu akachungulia chini, muda mrefu, na nilijua anatafuta alama za nyundo zake, na nilijua anaziona.

"Imeshuka," akasema.

"Imeshuka."

"Hukuigusa."

Ningeweza kumwambia neno lolote. Hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia isipokuwa mwenye pikapu, naye alikuwa ndani akisikiliza redio. "Sikuigusa," nikasema. "Niliikandamiza tu."

Alitingisha kichwa kukubali, kama fundi anayesikia habari ya fundi mwenzake. Kisha akasema jambo alilokuwa amelijia, na halikuwa reli.

"Basi mwambie Mwalimu. Sitaki kiwanja chote. Kona ya pale nyuma itanitosha, mimi na mama. Sondu hakuna magari ya chai, ni majembe tu. Wewe mwambie tu springi ilikuwa sawa."

Hakuniomba kwa unyonge. Hilo lilikuwa gumu zaidi kwangu. Kama angepiga magoti, nafikiri ningempa kona. Lakini alisimama pale akisema kama mtu anayetaja kitu ambacho watu wawili wanakijua, na anayeamini kwamba kukijua kunatosha.

Nilimwambia nitaona. Alijua maana yake. Alikwenda kwenye reli, akapitisha kiganja juu yake, pale katikati palipong'arishwa na nyundo yake miaka yote ile, kisha akapanda pikapu bila kuichukua. Sikumwambia Mwalimu. Siku ile sikumwambia, na Jumapili zilizofuata, tulipokaa benchi moja kanisani na gari limeegeshwa mlangoni, sikumwambia.

Habari kwamba mzee amefariki ilinifikia kupitia kwa wauza samaki, mwaka wa tatu tangu ahame. Walisema walimzika kwao, kwenye ukingo wa miwa ya watoto wa kaka zake.

Karibu na wakati huo gari la Mwalimu lilianza kuinama. Si sana, lakini jicho langu halikuhitaji rula. Lilikuwa likiinamia kulia. Nilijiambia kwamba Mwalimu ni mzito na hukaa kwenye usukani peke yake. Ni kweli, alikuwa mzito. Lakini upande wa mtaro ndio uliobeba mashangazi na magunia ya mahindi miaka yote hiyo, nao ulikuwa umesimama palepale pa chaki.

Mwalimu aliniletea akiwa na hakika ya tatizo. "Ule upande wa Jaduong umeanza kuinuka tena," akasema. "Huyo mzee, hata akiwa kaburini bado anatusumbua."

Chuma hakiinuki chenyewe. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua hivyo. Springi iliyochoka hushuka, na iliyochoka ilikuwa yangu. Kuitengeneza kulikuwa kazi ya nusu siku, lakini Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, chini ya diploma yangu, akinitazama kwa fahari, na alitarajia nitoe springi moja tu. Niliitoa ya kushoto. Niliifungua mezani. Grisi yake ilikuwa bado nyeupe ndani. Niliondoa bamba moja, la pili kutoka juu, nikafunga yaliyobaki, nikaziba pengo kwa kipande cha chuma nilichokikata pale pale. Gari lilishuka upande ule likalingana na upande wangu.

Mwalimu alilizunguka, akaniambia hiyo ndiyo faida ya kusoma. Nilimshukuru.

Leo nimeajiri watu kwenye kiwanja kile, na kuna presi mbili, na hakuna gari la heshima linalopita kwenda Bomet bila mwenyewe kugeuza kichwa kusoma kibao changu. Hayo yote niliyapata kwa mikono yangu. Lile bamba nililoliondoa sikulitupa na mabamba mengine. Tunalitumia kuzuia geti upepo wa alasiri usilifunge. Lori moja lilirudi kinyumenyume mwaka jana likalikanyaga bamba hilo likalala bapa. Nilitoka nje kuliangalia. Bamba lilikuwa limerudi kwenye upinde wake.